Kigodoro na Dodoso

Binti wa kaka yangu alipata alama ndogo kuliko wasichana wote tuliowajaribu Ujiji, na kwa saa kadhaa nililihesabu jambo hilo kuwa sifa ya nyumba yetu. Alama ndogo kwenye dodoso lile ilikuwa na maana kwamba msichana hajitazami kwa macho ya watu. Anaufikiria mwili wake kuwa ni kitu kinachobeba ndoo, kinachotembea, kinachoumwa homa na kupona, kuliko kitu kilichowekwa dirishani ili wapita njia wakione. Nilizikagua alama zake mara ya pili, kama ninavyokagua karatasi zote, na hazikubadilika.

Kazi yenyewe ilinijia kwa njia ya kawaida. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi na vitabu vya mitumba. Takwimu nilijifunza baadaye, kwa sababu nilichoka kukusanya majibu ya watu bila kujua yanakwenda kufanywa nini. Kwa miaka mingi nimekuwa mdodosaji wa kukodiwa. Nimeuliza watu habari za vyandarua, vyoo, chanjo za watoto na bei ya dagaa, kuanzia mitaa ya Ujiji hadi vijiji vya ziwani ambako hufiki bila boti. Safari hii aliyenikodi alikuwa mwanamke kijana kutoka China, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani lakini hakikuwa na woga. Majirani walimwita Mchina naye akaitika bila kununa. Mimi nilimwita dada mtafiti, yeye aliniita mama.

Dodoso lake lilikuwa limetumika kwa wasichana wa kwao. Msichana husomewa sentensi moja moja, kisha husema inamhusu kiasi gani: moja ni hainihusu kabisa, tano ni inanihusu sana. Ninapotembea nafikiria wanaoniona wananionaje. Nikivaa nguo, namna ninavyoonekana ni muhimu kuliko namna ninavyojisikia ndani yake. Watu wakiona nilivyo kweli, nitaona aibu. Alinieleza kwamba kwao wasichana wengi wanahangaikia wembamba, uso mdogo na ngozi nyeupe isiyoguswa na jua, na wengine huhangaika mpaka wanaugua. Alitaka kujua kama kipimo kilekile kinaweza kupima wasichana wa huku, au kinaona tu yale ya kwao.

Nilitafsiri. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hakuwa ameliona la awali, akaurudisha Kiswahili changu kwenye Kiingereza, nasi tukalinganisha sentensi kwa sentensi. Maneno yalikubali. Kilichogoma ni mambo yenyewe. Sentensi ya kuogopa kunenepa iliwachekesha wasichana wa jaribio hadi mmoja akajipangusa machozi.

"Anayeogopa kunenepa ni nani, mama? Mimi naogopa kukonda. Nikikonda watasema naumwa au nimeachwa."

Tukaiandika upya iseme kuogopa watu waone kwamba umbo halifai, bila kutaja ni umbo gani.

Jaribio hilo nililifanya sebuleni kwangu. Niliwaketisha wasichana mkekani, nikawaita mmoja mmoja kwenye kiti karibu nami, nikasoma kwa sauti ya wastani bila kutia chumvi, wakajibu. Moja. Moja. Mbili. Moja. Dada mtafiti alizipitia karatasi jioni ile, akaziweka mezani, akazitazama tena.

"Mama, Ujiji hakuna msichana anayejiangalia?"

Nikamwambia kwamba wamelelewa. Jikoni, binti wa kaka yangu, aliyekuwa anaosha vikombe, akaguna.

"Unacheka nini?" nikamuuliza.

"Sicheki, Shangazi."

"Sema."

Akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Shangazi, wewe ni shangazi wa mtaa mzima. Kila msichana aliyekaa kwenye huo mkeka, siku akiposwa, wewe ndiye utaitwa kumkalisha chini. Halafu unamuuliza uso kwa uso kama anawaza makalio yake. Ulitegemea akujibu tano?"

Alikuwa sahihi, na nilipaswa kuliona kabla yake, maana ni desturi yangu mwenyewe. Kwetu habari za mwili binti huambiwa na shangazi. Shangazi husema, binti huinamisha kichwa, hukubali yanayofaa kukubaliwa na hukana mengine yote. Hata binti anayejua zaidi ya shangazi huinamisha kichwa hivyohivyo. Tulichokuwa tumepima sebuleni ni adabu, na kwa upande wa adabu Ujiji ilifanya vizuri sana.

"Nipe mimi niwaulize," akasema.

Tulimpeleka Mwandiga. Alikaa na wasichana uwani nyuma ya saluni moja, wakisukana, mimi na dada mtafiti tukiwa mbali kwenye kibanda cha chai tusikoweza kusikia. Alirudi na karatasi zenye nne na tano tele. Wasichana walikuwa wamemwambia mambo ya mkorogo wa kujichubua ngozi, ya dawa za kuongeza hipsi, ya kutokwenda kwenye harusi kwa sababu ya chunusi. Dada mtafiti alifurahi kiasi kwamba alisahau kumaliza chai yake. Tangu siku hiyo binti wa kaka yangu akawa mdodosaji wetu. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza upya.

Baada ya Mwandiga ilikuwa zamu ya Mwamgongo, kijiji cha ziwani upande wa kaskazini, na hapo kazi ilichanganyika na jambo la nyumbani. Binti huyu alikuwa na mchumba, kijana fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Mwamgongo anayefanya kazi Kigoma mjini. Mama yake kijana alikuwa hajamwona binti wetu ila kwenye picha ya simu. Aliposikia kwamba kazi yetu itatufikisha kijijini kwake, alituma ujumbe kwamba vizuri, atamwona kwa macho yake, na posa itazungumzwa baada ya hapo. Alisema hivyo tu.

Asubuhi ya safari nilitangulia Kibirizi, ambako boti za kaskazini hupakia. Binti alifika na bajaji. Aliposhuka nilijua kuna kitu, kwa sababu alishuka kwa kugeuka mwili mzima, kama mtu mwenye jipu. Mtoto yule nimemlea tangu mama yake alipofariki. Naujua mwili wake. Kiuno kilichokuja Kibirizi kilikuwa chembamba kuliko kile kilicholala kwangu, na chini ya kiuno kulikuwa na mzigo ambao haukuwa wake.

"Umevaa nini?"

"Gauni, Shangazi."

"Ndani ya gauni."

"Shangazi, usinianze."

Alikuwa amevaa kigodoro, yaani taiti iliyoshonewa sponji nene nyuma na kwenye nyonga. Juu yake alikuwa amejibana mkanda wa tumbo, ule wa mpira mgumu wenye safu ya vishikizo vya chuma, kuanzia chini ya matiti hadi ulipoanzia mzigo. Juu ya vyote hivyo lilikuja gauni la kubana lenye zipu mgongoni.

"Safari ya saa nzima na zaidi, kwenye boti?"

"Ile picha aliyoiona mama yake nilikuwa nimevaa," akasema taratibu. "Nikienda bila, wataona walitumiwa picha ya mtu mwingine."

"Basi ungevaa tukikaribia."

"Nikavalie wapi, Shangazi, mbele ya abiria? Na tena tazama pale. Yule mwenye kitenge cha njano, anayehesabu sabuni. Ni mdogo wake mama mkwe. Alikuja kununua bidhaa za duka lake, anarudi nasi."

Nilimtazama. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyekwisha kutuona. Alimwinulia binti kidevu. Binti akaenda, akapiga goti nusu, maana mkanda haukumruhusu goti zima, akamwamkia shikamoo. Yule mama akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha kutoka miguuni hadi kichwani, akarudi kwenye sabuni zake.

Boti ilikuwa imejaa: magunia ya unga, mabati, kreti za soda, godoro moja la kweli lililofungwa nailoni. Mbao za kukalia zilikwisha, sisi tukakaa chini kwenye magunia, karibu na sakafu. Mdogo wa mama mkwe alikaa nyuma yetu kidogo, juu zaidi, mahali anapoona vizuri. Baharia mmoja alitugawia majaketi ya kuokolea. Mimi nilivaa. Dada mtafiti alivaa akakaza kamba zote. Binti alilipokea la kwake, akaligeuza mkononi, akalikalia.

"Vaa."

"Litanikunjia gauni."

Nilimwacha, kwa kuwa macho yalikuwa nyuma yetu na sikutaka kumgombeza mbele ya wakwe. Nusu ya abiria walikuwa wameyakalia yao pia, na boti ikaondoka hivyo.

Mwanzoni ziwa lilikuwa shwari, na tulikwenda tukiufuata ufuko. Dada mtafiti alifungua mwavuli, akavuta mikono ya shati hadi kwenye vidole, akafunga skafu usoni yakabaki macho. Hivyo ndivyo alivyotembea nasi tangu siku ya kwanza, jua lolote lile. Binti alimtazama kwa pembeni.

"Dada, na wewe ulijijibu ngapi?"

"Mtafiti hajibu dodoso lake."

"Basi mwavuli umeshakujibia."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka, na dada mtafiti akacheka pia ndani ya skafu. Hata mwenye kitenge cha njano alicheka, bila kuondoa macho kwenye kiuno cha binti. Niliona kwamba binti hachekei tumboni. Alicheka kwa mdomo tu, akavuta pumzi fupi, akatulia ili akusanye nyingine.

Tulipofika usawa wa milima ya Gombe upepo wa kusini ukaongezeka. Ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, na hilo halina taabu injini ikiwa hai. Ndipo injini ikakohoa. Ikashika, ikakohoa tena, ikazima.

Asiyejua boti za mbao hudhani injini ikizima unasimama tu na kungoja. Boti iliyojaa ikikosa nguvu hugeuka yenyewe, inaupa upepo ubavu, na mawimbi yaliyokuwa yanapita chini yanaanza kuingia juu. Wimbi la kwanza lilitulowesha magoti. La pili liliingia lote, likaja sakafuni tulipokuwa tumekaa, nami nikasikia baridi hadi kiunoni. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwavuli wa dada mtafiti ulichukuliwa, nikauona mara moja tu, umegeuka juu chini, ukielea kuelekea Kongo.

"Kila mtu avae jaketi," nahodha alisema kutoka nyuma. Hakupaza sauti kupita kiasi, na hilo lilinitisha zaidi. "Aliyelikalia alitoe alivae. Ndoo zifanye kazi."

Watu wakaanza kuchota na kumwaga. Nikamgeukia binti. Alikuwa amekaa palepale ndani ya maji, mikono miwili imeshika gunia, uso umekuwa wa majivu.

"Inuka nikuvalishe."

Akajaribu. Aliinuka kiasi cha kiganja, akarudi chini, na maji yakatoka pande zote za kiuno chake kama unapokamua dekio. Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yote. Binti huyu tangu utoto aliogelea Ujiji kuwashinda kaka zake. Ziwa halijawahi kumtisha. Lakini wavu mkavu hubebwa na mtu mmoja, na wavu huohuo ukilowa huitiwa watu. Sponji ilikuwa imekunywa wimbi zima. Mtu mwenye mzigo ule kiunoni, na mpira umembana mbavu asiweze kujaza mapafu, akitumbukia ziwani asingeogelea hata akijua kuogelea. Jaketi lile kuukuu sikuliamini kwamba lingembeba yeye na maji ya sponji pamoja.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "pumzi haingii."

"Tunavua mkanda na hicho kitu. Sasa hivi."

"Hapana."

"Unataka kufa?"

"Ananitazama."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Wimbi jingine likaingia, ndoo zikaharakishwa, nahodha akavuta kamba ya injini, ikanguruma mara moja ikafa. Midomo ya binti ilikuwa imebadilika rangi. Nilishika zipu ya gauni lake, naye akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Tukawa tumeshikana hivyo ndani ya maji, mimi navuta, yeye anazuia. Dada mtafiti alikuwa amepiga magoti mbele yetu, ameshika jaketi tupu kwa mikono miwili, akingoja nimwambie la kufanya. Nilichokuwa nacho kichwani ni sentensi ya dodoso, ile ya watu wakiona nilivyo kweli. Niliitafsiri mwenyewe, na msichana huyuhuyu aliijibu moja kwenye kiti changu.

Kisha kivuli kikatuangukia. Mwenye kitenge cha njano alikuwa amesimama, akiyumba, ameshikilia bega la mwanamke wa jirani. Alivua kitenge chake cha begani, akakifungua chote, akampa yule jirani ncha moja.

"Shika. Na wewe wa pale, lete cha kwako."

Vitenge vitatu vikasimama kutuzunguka, vikipigapiga kwa upepo. Wanawake wa ziwani wanaijua kazi hiyo. Ndivyo wanavyofanya mwenzao akishikwa na uchungu safarini, na hakuna anayehitaji kuelekezwa. Yule mama mwenyewe aliushika upande wake kwa mikono miwili, akatupa mgongo, akauelekeza uso wake ziwani. Mabaharia wawili waliokuwa wanachota maji mbele waligeuza shingo.

"Nyie, macho kwenye ndoo," akawaambia. "Injini imekufa huko nyuma, haijafia kwa mkwe wangu."

Watu kadhaa walicheka, hata kwa hofu ile. Mkono wa binti uliokuwa umenishika ukalegea. Sijui kama ni neno lile au ni kuishiwa nguvu. Nilishusha zipu. Vishikizo vya mkanda vilikuwa vimejaa maji na vidole vyangu vimekufa ganzi, kila kimoja kikawa ugomvi wake. Dada mtafiti aliingiza vidole vyake vidogo chini ya vyangu, akavifungua vya chini huku mimi nikifungua vya juu. Mkanda ulipoachia, binti alivuta pumzi yenye sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasimamisha kidogo ninachofanya. Kisha tukaivuta taiti. Haikutaka kutoka. Tuliivuta wawili, mimi na Mchina, kila mtu upande wake, mpaka ikatoka yote kwa mpigo mmoja na dada mtafiti akaanguka nyuma kwenye maji, ameikumbatia.

Nilimvisha binti jaketi juu ya gauni lililo wazi mgongoni, nikamfunga kanga yangu kiunoni. Alikuwa analia bila sauti. Alikichukua kile kigodoro kutoka mikononi mwa dada mtafiti, akakiinua kwa shida kuelekea ukingo wa boti.

"Usitupe ziwani," yule mama akasema, bado ametupa mgongo. "Kitanasa kwenye nyavu za watu."

Akasukuma kwa mguu beseni lake la sabuni. Kigodoro kikawekwa humo, juu ya sabuni za duka lake, mahali ambapo kila abiria alikiona.

Injini ilishika nahodha alipobadili tenki la mafuta. Lile la kwanza lilikuwa limeingia maji. Boti ikageuza mgongo kwenye upepo, na maji yakaacha kuingia. Hakuna aliyeshangilia. Watu waliendelea kuchota hadi mbao za sakafu zikaonekana.

Kwa sehemu iliyobaki ya safari binti hakuinua uso. Hatari ya maji ilikuwa imekwisha, lakini nyingine ilikuwa inatungoja ufukweni, naye aliijua vizuri kuliko mimi. Alikuwa na kanga ya shangazi yake, nywele zilizolowa na mwili wake wa siku zote. Dada mtafiti, bila mwavuli wala skafu, alikuwa ameshaanza kuwa mwekundu puani. Alisema, kama anayeongea na maji, kwamba mama yake akimwona kwenye simu atamgombeza kwa kuharibu ngozi. Binti alimshika mkono.

Mama yake kijana alikuwa amesimama Mwamgongo penye mchanga, amevaa nguo ya kutokea. Alitupokea mizigo, akatusalimu mmoja mmoja, mimi kwa Kiha baada ya kusikia lafudhi yangu. Alipomfikia binti, macho yake yalishuka kiunoni. Binti alipiga goti, safari hii goti zima.

"Ndiye huyu?" mama akamuuliza mdogo wake.

"Ndiye."

"Wa kwenye picha?"

"Picha ilipigwa kabla ya mawimbi," mdogo wake akasema, akapita na beseni lake kichwani.

Mama hakucheka. "Karibu, mwanangu," akasema. "Umelowa. Nenda ukabadilishe." Mkao wa uso wake nilishindwa kuusoma, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma watu wakijibu. Tulikula ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwake jioni ile. Alituhudumia vizuri. Kuhusu posa hakufungua mdomo.

Asubuhi tulianza kazi. Wasichana wa Mwamgongo walikuwa wanaanika dagaa kwenye mchanga, wamejifunga vitambaa usoni na soksi mikononi ili jua lisiwaguse. Binti aliketi kati yao akigeuza dagaa pamoja nao, akiwasomea sentensi huku wakifanya kazi. Nilikuwa mbali kiasi cha kawaida, lakini upepo ulikuwa unatoka kwao. Hatua chache nyuma yao walikuwa mama mkwe na mdogo wake, wakichagua dagaa wa kuuza mjini. Habari za boti zilikuwa zimeshaenea kijiji kizima, na kigodoro chenyewe kilikuwa kimeanikwa kwenye jiwe kubwa, maana nyuma ya nyumba hapakuwa na jua.

Binti alisoma ile sentensi ya watu kuona nilivyo kweli. Msichana aliyekuwa anaulizwa alikitazama kile kitu kwenye jiwe, kisha akamtazama binti kwa jicho la uchokozi.

"Na wewe, dada wa Ujiji? Ungejibu ngapi?"

Wengine waliacha kugeuza dagaa. Taratibu zetu zinasema mdodosaji hajibu swali la mhojiwa, nilimfundisha mwenyewe. Anatakiwa aseme, leo tunakusikiliza wewe. Nilimwona anafungua mdomo, nikadhani ndilo atakalosema. Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa.

"Tano," binti akasema. "Ingekuwepo sita ningesema sita. Haya, wewe sasa."

Msichana yule akafikiri kidogo. "Basi niandikie nne," akasema. "Mimi singefika na hilo dubwana kwenye boti." Wakacheka wote, binti naye, ila cheko lake lilikwisha mapema kuliko la wenzake. Mama mkwe alirudisha kichwa kwenye dagaa.

Jioni dada mtafiti aliniuliza tufanye nini na karatasi ya zamani ya binti, ile ya sebuleni. Nilimwambia karatasi za jaribio hazihesabiwi, tumekwisha kukubaliana hivyo, na jibu alilolitoa ufukweni nalo halihesabiwi kwa kuwa halikuulizwa kwa utaratibu. Kwa hiyo katika matokeo yetu binti wa kaka yangu hayumo kabisa. Dada mtafiti aliandika tu, mahali pa mapungufu ya utafiti, kwamba majibu hutegemea sana ni nani anayeuliza na ni nani anayesikia. Niliisoma sentensi hiyo, nikamrekebishia herufi moja, nikaiacha.

Siku ya kurudi, mama mkwe alitusindikiza hadi kwenye boti. Alimpa binti mfuko wa dagaa wakavu. Juu ya mfuko kulikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Hiki ni chako," akasema. "Kimekauka."

Binti alikipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nilingoja neno jingine. Mama alikuwa anamtazama, safari hii usoni.

"Mwambie mwanangu aje mwisho wa mwezi tuzungumze posa," akasema hatimaye. "Aje na baba zake wadogo. Asije na picha."

Kisha akaondoka kupanda mchanga, bila kungoja kuona kama amesikiwa.

Tulikaa chini tena kwenye magunia, maana mbao zilikuwa zimejaa. Baharia alipogawa majaketi, binti alivaa lake kabla ya mtu yeyote, akaanza kufunga kamba. Gunia alilokalia lilikuwa la mihogo mikavu, likimchoma. Akafungua gazeti, akatandika kigodoro chini yake, akakikalia.

Kutoka ufukweni, penye beseni la sabuni ambalo sasa lilikuwa tupu, yule mdogo mtu alikuwa anatutazama.

"Mkwe," akaita, "bado kamba ya chini."

Binti akaitafuta, akaifunga.